Sorry ya Toronto na pole ya Tanga

Msimu wangu wa kwanza wa baridi hapa Toronto, mwenzangu kazini alibanwa kidole na mlango wa ghala. Damu ikavilia chini ya ukucha. Nikamkimbilia: "Sorry, sorry!" Akanitazama, kidole kiko mdomoni. "Kwani wewe ndiye uliyeufunga?"

Nilikuwa nampa pole. Kiingereza nilichosomea Tanga kilinipa neno hilo moja kwa kazi mbili, kuomba radhi na kumwonea mtu huruma, na huku mara nyingi husikika ile ya kwanza.

Nilipolifuatilia neno lenyewe nilishangaa. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa sārig, kutoka sār, yaani maumivu, kidonda. Sore ya leo imetoka hapohapo, na Waswidi hadi sasa kidonda wanakiita sår. Wengi hudhani ni ndugu wa sorrow, huzuni. Wapi! Mizizi yao ni mbalimbali, ila kwa kufanana yamevutana hata matamshi. Basi aliyesema sorry zamani alikuwa anasema "naumia". Hiyo ni pole kabisa. Kulitamka peke yake kama kuomba radhi kulikuja karne nyingi baadaye.

Hapa Ontario, jimbo lenye Toronto, neno hili limetungiwa hata sheria. Tangu 2009, ukimwambia mtu sorry haihesabiki kuwa umekiri kosa kwenye kesi ya madai, na sheria inataja wazi kwamba maneno ya huruma nayo yamo. Ni sheria nzuri, lakini inanisikitisha kwamba imebidi iwepo. Kwetu pole na kazi, pole na safari, pole na mvua hii, unapewa hata na mtu usiyemjua, na hakuna anayeuliza nani mkosaji.

Ila tusijisifu mno. Likizo iliyopita ofisi moja huko nyumbani ilipoteza faili langu. Karani akaniambia "pole sana kaka" mara tatu, samahani hata moja sikuisikia. Unampaje mtu pole kwa jeraha ulilomtia mwenyewe? Hapo watu wa huku wametuzidi: mhudumu akikosea chenji anasema sorry, anarekebisha, yamekwisha.

Baba alipofariki, msimamizi wangu alinishika bega akasema sorry. Siku hiyo lilikuwa sārig lenyewe, nami nililipokea hivyo. Nyumbani mikeka ilikuwa imeshatandikwa, majirani wanaingia na unga na sukari, na simu ya mama ikazungushwa mkono kwa mkono ili kila mmoja anipe pole yake. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi za kazini, nikiitikia "nimeshapoa, nimeshapoa" kwa watu zaidi ya ishirini, machozi yananitoka.

Kwa hiyo wazazi wenzangu wa huku, watoto wetu tusiwanyime neno hili. Bustanini mtoto akianguka kwenye bembea, utasikia anaambiwa "huna kitu, uko sawa." Nia ni njema, asijizoeze kulialia. Binti yangu akianguka mimi nampangusa magoti na kumwambia "pole mwanangu". Hulia kidogo zaidi, kisha ananyamaza na kurudi kwenye bembea.