Peter Green na fedha alizozikataa

Ukisoma habari za Peter Green, mpiga gitaa wa Uingereza, lazima utafikishwa Munich. Machi 1970 bendi yake ya Fleetwood Mac ilikuwa ziarani Ujerumani, naye akaenda kwenye jumba moja la mahipi, akatumia LSD, dawa ya kulevya inayoleta maono, na kupiga gitaa na wenyeji wake. Mwezi Mei akaiacha bendi aliyoianzisha mwenyewe. Wenzake wa bendi, Mick Fleetwood na John McVie, wameshikilia kwa miaka mingi kwamba Peter waliyemjua hakurudi kutoka jumba lile.

Nawaelewa. Huyu alikuwa mtoto wa Bethnal Green, mashariki mwa London, aliyezaliwa 1946. Akiwa na miaka 19 tu alipewa nafasi ya Eric Clapton, mpiga gitaa mashuhuri, katika bendi ya John Mayall, na hata mashabiki waliokuja kumzomea walinyamaza. Januari 1969 kibao chake cha Albatross, ambacho hakina hata neno moja la kuimba, kilikuwa namba moja Uingereza. Kisikilize leo: ngoma zinapigwa taratibu kama mawimbi ya mbali, gitaa linaingia, linatua, linanyamaza. Wapiga solo wengi wanauogopa ukimya. Yeye aliutumia kama noti nyingine ya muziki.

Ukimpoteza mtu wa namna hiyo, utatafuta wa kumlaumu. Na ugonjwa ulikuwa wa kweli. Madaktari walisema ni skizofrenia, akalazwa, akapigwa shoti za umeme kichwani. Mwaka 1977 alikamatwa baada ya kumtishia mhasibu wake kwa kutaja bunduki, mwaka uleule wenzake walipotoa Rumours, albamu iliyouza nakala zaidi ya milioni 40. Anayeyaita mateso hayo utakatifu hajawahi kuuguza mgonjwa wa akili.

Lakini tarehe zinanizuia kumalizia hapo. Man of the World, wimbo wa mtu aliyepata kila kitu lakini anatamani asingezaliwa, ulitoka 1969, karibu mwaka mzima kabla ya Munich. Nao ugomvi wa fedha ulikuwa ndani ya bendi: Green aliwasihi wenzake wasijilimbikizie mapato, wayagawe kwa wenye shida. Fleetwood mwenyewe amesimulia alivyomjibu: wewe gawa zako, mimi sitaki, na hilo halinifanyi mtu mbaya. Ni jibu la haki kabisa. Ila ndani yake mna ushahidi kwamba aliyekuwa anajibiwa alikuwa na hoja, tena hoja aliyoirudia mara nyingi.

Green alipoulizwa baadaye kuhusu usiku ule wa Munich alisema walipiga muziki mzuri sana. Mtu anaweza kusema mgonjwa si shahidi wa ugonjwa wake, nami nakubali. Ndiyo maana natazama zaidi alichotenda.

Chukua gitaa lake, Les Paul ya 1959. Sumaku ya pikapu yake moja, yaani kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi, ilikaa kinyume, na pikapu zote mbili zikiwashwa pamoja sauti hutoka nyembamba, kama ya mtu anayeongea akiwa na kwikwi. Baada ya kuondoka kwenye bendi alimwachia gitaa hilo Gary Moore, mpiga gitaa kijana. Hakutaka faida. Alimwambia auze gitaa alilokuwa nalo, kisha amletee kiasi hichohicho atakachopata, basi. Wengi wanakisimulia kisa hiki kama dalili ya ugonjwa. Mimi naona hesabu iliyonyooka, ya mtu anayejua anachotoa, anampa nani na kwa nini.

Kwa hiyo siamini kwamba dawa za kulevya ndizo zilizompa wazo la kuikataa fedha. Naamini zilimnyang'anya nguvu ya kuliishi wazo lake mwenyewe, na hilo linaniuma zaidi. Angekuwa mzima angeweza kugawa mali yake kwa mpango, kisha akaendelea kupiga. Badala yake alichimba makaburi, akafanya kazi za mikono hospitalini, na aliporudi studio na In the Skies, mwaka 1979, vidole vilikuwa vikitafuta njia ambayo zamani vilikuwa vinaijua gizani.

Februari 2020 Fleetwood aliandaa tamasha la kumuenzi pale London Palladium. Les Paul ile ilikuwepo, safari hii mikononi mwa Kirk Hammett wa bendi ya Metallica, mmiliki wake wa sasa, akiupiga The Green Manalishi, wimbo ambao Green aliutunga kuhusu fedha zinazomjia mtu usiku na kumnyima usingizi. Julai mwaka huohuo Green alifariki usingizini, akiwa na miaka 73.