Buffalo: Gari Limepata Njia, Mwenda kwa Miguu Je?

Ndugu zangu wa Dar wakipiga simu kuanzia Novemba, swali ni lile lile: baridi ya huko mnaiwezaje? Baridi tunaiweza. Unavaa nguo za ndani za kubana, sweta, koti zito, soksi mbili, kofia ya kufunika masikio, kisha ukifika unakokwenda unavua vyote. Nyumba zina hita, na watoto wanaishangilia theluji kuliko sikukuu. Kinachotushinda sisi tusio na magari hapa Buffalo, jimbo la New York, ni safari ya kutoka mlangoni hadi kituo cha basi.

Mji huu uko kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie. Upepo wa baridi kali unapita juu ya maji ambayo bado yana joto la miezi iliyopita, unabeba mvuke, halafu unaumwaga nchi kavu ukiwa theluji. Ndiyo maana Novemba na Desemba hututesa zaidi. Ziwa likishaganda, kwa kawaida tunapumua kidogo. (Kwa kawaida tu. Januari 1977 ziwa lilikuwa limeganda tayari, upepo ukaisomba theluji iliyolala juu ya barafu ukaileta mjini. Wazee wa hapa hawajamaliza kuisimulia.) Tena wingu lenyewe huwa ukanda mwembamba: mtaa mmoja umezikwa, ukienda kilomita chache unakuta jua. Novemba 2022 Orchard Park, kusini mwa jiji, ilipata kama mita 2 kwa siku chache.

Usiku malori yenye sahani kubwa ya chuma mbele yanapita, yanasukuma theluji pembeni na kumwaga chumvi. Asubuhi lami inaonekana, na redio inatangaza kwamba barabara zinapitika. Sasa hiyo pembeni ni wapi? Ni juu ya njia ya waenda kwa miguu, ni kwenye kivuko, ni mbele ya kituo cha basi. Theluji iliyosukumwa si ile laini ya kwenye kadi za Krismasi. Imejaa chumvi na uchafu, na ikilala usiku mmoja inakuwa ngumu kama saruji. Mama mwenye kigari cha mtoto hawezi kuipanda. Anashuka barabarani, magari yako mgongoni kwake.

Sheria ya jiji inamtaka kila mwenye nyumba asafishe mbele ya nyumba yake. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini huku West Side nyumba nyingi ni za kupangisha na mwenyewe haishi hapo. Yeye anamtegea mpangaji, mpangaji anamtegea yeye. Kuna viwanja vitupu visivyo na wa kushika beleshi. Kuna vikongwe wanaoishi peke yao, na kuzoa theluji kumewahi kuwasimamisha moyo hata wenye nguvu zao. Nyumba tisa zikisafishwa na ya kumi ikaachwa, hakuna njia hapo.

Na wanaotembea ni akina nani? Karibu robo ya kaya za Buffalo hazina gari. Wakongomani na Warundi wenzetu wengi huanza maisha hapa bila leseni, kazi zao ni za shifti ya alfajiri. Katika dhoruba ya Desemba 2022, iliyoua watu zaidi ya 40 eneo hili, marufuku ya kuendesha magari ilianza saa 3:30 asubuhi ya Ijumaa. Saa hiyo wa shifti ya alfajiri wameshafika kazini zamani. Aliyepanga muda ule hakuwa akiwafikiria.

Wataniambia fedha hakuna. Rochester si mbali na hapa, nayo inapata theluji kwelikweli. Kule jiji lenyewe hupitisha mashine kwenye njia za miguu theluji ikizidi kiasi fulani, na wenye nyumba wanachangia gharama. Montreal wana vitrekta vyao vinavyofanya kazi hiyo. Mji wa Karlskoga, Sweden, uliamua kuanza na njia za miguu na baiskeli ndipo uende kwenye barabara kubwa, kwa hoja ambayo sijasikia mtu akiipangua: gari linaweza kupita kwenye theluji ya sentimita 10, kigari cha mtoto hakipiti.

Sidai jiji zima lisafishwe kwa siku moja. Waanze na mitaa inayopitiwa na mabasi na ile inayozunguka shule, kona zote nne za kila njia panda, na mashine ipite kabla ya saa 11 alfajiri. Basi la kwanza la kwenda viwandani halimsubiri mtu.