Kijani cha Ziwa Hakitoki Mbinguni

Kila nivukapo Ziwa Victoria kwa kivuko cha Kamanga, sikosi kumsikia abiria akimweleza mwanawe kwamba maji hayana rangi, na kwamba bahari huonekana ya buluu kwa kuwa inaakisi anga. Nasi tulifundishwa hivyo hivyo. Siyakubali maelezo hayo, na ushahidi wangu uko pale pale ubavuni mwa kivuko: saa sita mchana anga la Mwanza ni samawati tupu, ilhali ghuba yote ni ya kijani.

Lord Rayleigh wa Uingereza, mwanafizikia mkubwa, naye aliamini habari hiyo ya anga. Mwaka 1921 C. V. Raman, mwanafizikia wa India, akirejea kwao kwa meli, aliyatazama maji ya Mediterania kupitia kipande cha fuwele kilichokata mng'ao wa anga juu ya maji, na buluu haikufifia. Maji yenyewe hufyonza nuru nyekundu upesi kuliko ya buluu, kwa hiyo penye kina kirefu nuru inayorudi machoni petu ni ile iliyosalimika. Bilauri ya maji haionyeshi rangi kwa sababu nuru haikusafiri mbali ndani yake.

Yanayobaki ni mambo ya vilivyomo majini. Tope la mto Huang He wa China huipa Bahari ya Njano rangi na jina. Huku kwetu ni vijimea visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho, vyenye klorofili ile ile ya jani la mgomba, ambayo hula nuru ya buluu na nyekundu na kuiacha ya kijani. Aliyelitoa neno "kijani" kwenye "jani" alilisema ziwa letu bila kujua.

Vijimea hivyo hunenepeshwa na mbolea ya mashambani na maji taka, yakiwemo yanayoshuka na Mto Mirongo unaokatiza jijini. Ndiyo maana hadithi ya anga inanikera: inatuondolea lawama.

Juzi nilichota maji karibu na Jiwe la Bismarck, mwamba ulio majini hapa Mwanza, kwa chupa ya plastiki, nikaiinua juani. Yalikuwa karibu meupe, yenye chembe za kijani zikielea kama pumba za unga. Niliiacha mezani, kufika magharibi chembe zilikuwa zimepanda juu zikafanya utando mzito shingoni mwa chupa, na chini yake maji yametakata.