Regileta ya kwanza: mtafute fundi kabla ya duka

Msimu wa kaskazi ukianza na maji yakitakata, vijana waliomaliza kozi ya kuzamia huja na swali lile lile, wawe wa Nungwi au wa Diani: "Kaka, ninunue regileta gani?" Kila mzamiaji mkongwe ana jibu lake, na mara nyingi ni ile anayoivaa mwenyewe. Mimi jibu langu huwakera kidogo, kwa sababu halina jina la kampuni. Nawauliza tu: siku ikianza kuvuja, nani ataifungua?

Regileta, kile kifaa kinachokuletea hewa ya mtungi mdomoni, si kitu cha ajabu. Hatua ya kwanza, lile dude la shaba lililopigwa kromu linalofungwa kwenye mtungi, hupokea hewa ya bari 200 (bari ni kipimo cha shinikizo) na kuishusha mpaka bari 9 au 10 juu ya shinikizo la maji uliyomo. Hatua ya pili, ile unayoing'ata mdomoni, hukupa hewa pale unapovuta na kunyamaza unapoacha. Kanuni yenyewe haijabadilika sana tangu Jacques Cousteau na Émile Gagnan watengeneze Aqua-Lung kule Ufaransa mwaka 1943. Kwa hiyo muuzaji akikwambia toleo la mwaka huu limeleta mapinduzi, mpe chai na umsikilize kwa adabu.

Za bei ya chini nyingi ni za pistoni ya kawaida, ile isiyosawazishwa: Scubapro MK2, Aqua Lung Calypso, Cressi AC2 na wenzao. Ndani mna pistoni, springi na oringi (pete za mpira) chache, basi. Kasoro yake inajulikana. Mtungi ukikaribia kuisha, shinikizo linalopelekwa hatua ya pili nalo hushuka, na kuvuta hewa huwa kuzito kidogo. Watu huitaja kasoro hii kana kwamba ni hukumu ya kifo. Lakini nani anakaa mita 18 na bari 30 kwenye geji? Ukiwa mzamiaji wa miamba ya Mnemba, ikifika bari 50 unatakiwa uwe umeshapanda juu unachungulia boti iko wapi. Za kiwambo (utando unaofanya kazi badala ya pistoni) zilizosawazishwa, kama Apeks XL4, huvutika vilevile tangu mtungi umejaa mpaka unakwisha, na kiwambo huizuia chumvi isifike kwenye vali. Ni nzuri, sibishi. Ila zina vipande vingi zaidi, na kila kipande ni spea ambayo mtu lazima akuagizie.

Kuna kitu kingine unacholipia bila kukihitaji, nacho ni kinga ya baridi. Kwenye kiwango cha Ulaya cha EN 250, regileta isiyopimwa kwa maji baridi huandikwa alama ya zaidi ya nyuzi 10. Kijana akiiona alama hiyo anadhani ameuziwa kitu cha daraja la pili. Bahari yetu hucheza kati ya nyuzi 25 na 30! Kuganda kwa hatua ya kwanza ni shida ya watu wanaozamia maziwa ya Uswisi na machimbo ya Uingereza. Alama ninayoijali mimi ni ile herufi A, EN 250A. Hiyo inaonyesha kifaa kinafaa kutumiwa na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, yaani siku mwenzako akiishiwa na kuidaka oktopasi yako, ile hatua ya pili ya akiba.

Hapo nikubali jambo moja. Kama nia yako ni meli iliyozamishwa Diani, Alpha Funguo, karibu mita 28 chini, na huenda huko mara kwa mara, ongeza pesa ununue iliyosawazishwa. Watu wawili kwenye hatua moja ya kwanza, kina kirefu na mtungi uliopungua, pale tofauti unaisikia kifuani.

Sasa fundi. Watengenezaji wengi hutaka sevisi kila baada ya mwaka mmoja au miwili, au mizamio 100. Fundi wa kweli utamjua kwa geji yake ndogo. Anaichomeka kwenye hozi ya jaketi la kuelea, anafungua mtungi, anabonyeza kitufe cha hewa mara kadhaa, kisha anakaa anaitazama sindano. Ikisimama papo hapo, sawa. Ikipanda polepole, bari 9, tisa na nusu, kumi, inazidi kutambaa, basi kiti cha vali kimechakaa, na muda si mrefu hatua ya pili itaanza kububujika yenyewe. Fundi asiye na geji hiyo, anayekurudishia kifaa kimeng'arishwa na kusema "iko fresh", amekiosha tu.

Ya mtumba, iliyoachwa na mgeni au inayouzwa kwenye kundi la WhatsApp, siikatai. Chungulia kichujio pale hewa inapoingilia. Ukijani maana yake maji yalishaingia ndani. Wekundu ni kutu ya mtungi wa chuma. Weusi hutoka kwenye kompresa yenye vichujio vilivyokwisha. Halafu funga kifuniko cha vumbi, weka mdomoni bila mtungi, uvute. Isipopitisha hewa, heri. Ikipitisha, kuna mpira uliochanika au vali ya kutolea pumzi haikai sawa. Sifa nyingine zote alizoziandika muuzaji ziache, hata ile ya "imetumika mara mbili tu".

Kuhusu namna ya kufunga regileta kwenye mtungi, DIN (inayoingia kwa skrubu ndani ya vali) au klampu (inayoibana vali kwa nje), watu hubishana mpaka chai inapoa. Tazama mitungi ya kituo unachozamia. Kama vali ina kipande cha katikati chenye tundu la pembe sita, kinafunguka, na mtungi unapokea zote mbili. Kama hakina, nunua klampu uendelee na maisha yako.

Chumvi ndiyo adui mkubwa. Springi ya pistoni za kawaida huogelea ndani ya maji ya bahari kila unapozama, kwa hiyo loweka regileta kwenye maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo. Kifuniko kiwe kimekauka na kimekazwa, na usibonyeze kile kitufe cha mbele ikiwa ndani ya ndoo, maana unayaalika maji yapande kwenye hozi.

Na kama uko kisiwani, fundi wa karibu ni safari ya boti na hata yeye spea anasubiri ziletwe na mgeni, usinunue kabisa kwa sasa. Endelea kukodi ya kituo, ile inayofanyiwa sevisi pamoja na zao zote. Pesa hiyo weka kwenye barakoa inayokaa vizuri usoni mwako na kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi.