Anayenyimwa kibali cha usalama aambiwe sababu

Nafanya kazi za umeme na mitambo ya ubaridi kwa mikataba, hapa Mwanza, na sehemu kubwa ya kazi hizo iko nyuma ya geti la serikali. Bila kibali cha usalama kazi hizo huzigusi, hata kama zabuni umeishinda kihalali na mkataba umesainiwa. Upekuzi wenyewe, yaani kuchunguza historia na mwenendo wa mtu kabla ya kumpa kibali, nauunga mkono kwa moyo wote. Mtu anayefungua paneli ya umeme wa uwanja wa ndege, au anayepanda juu ya dari la ofisi yenye mafaili ya siri, lazima ajulikane ni nani, ametoka wapi na anaishi vipi. Ninachopinga ni mtu kukataliwa, au kunyang'anywa kibali alichokuwa nacho, bila kuambiwa kwa nini.

Suala hili linagusa watu wengi kuliko inavyodhaniwa. Kanda yetu imekuwa saiti ya ujenzi kwa miaka kadhaa sasa: Daraja la Magufuli pale Kigongo na Busisi lililofunguliwa Juni 2025, reli ya kisasa kipande cha Mwanza hadi Isaka, meli kubwa iliyojengwa bandari ya Mwanza Kusini, uwanja wa ndege kule Ilemela. Nyuma ya kila mkandarasi mkuu kuna wakandarasi wadogo, mafundi, madereva, vibarua, na mama anayewapikia. Si wote wanaohitaji upekuzi, lakini maeneo mengine hayana mjadala. Kwenye usafiri wa anga, kwa mfano, Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinazitaka nchi wanachama zichunguze historia ya kila anayeingia bila kusindikizwa kwenye maeneo yenye ulinzi, awe mwajiriwa wa serikali au fundi wa mkataba kama mimi.

Karatasi zenyewe kila aliyepita njia hii anazijua. Unaanzia kwenye kibanda cha stationari, unatoa kopi za kitambulisho cha NIDA, vyeti vya shule, picha za paspoti zenye mandhari ya bluu. Unakwenda polisi kuchukuliwa alama za vidole. Unarudi mtaani kuomba barua ya utambulisho kwa mtendaji, naye anataka uthibitisho wa mwenyekiti. Halafu fomu yenyewe: ulikozaliwa, ulikoishi, shule zote, waajiri wote, wazazi, ndugu wa tumbo moja, wenza, wadhamini.

Kwenye barua ya mtaa nataka nikae kidogo, maana hapo ndipo mambo huanza kwenda kombo bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 27, 2024, na mitaa mingi ikapata wenyeviti wapya. Mwenyekiti mpya anaulizwa habari za mpangaji aliyehamia Nyegezi akitokea Kirumba, ambaye kabla ya hapo alikuwa Sengerema, na utoto wake wote aliumalizia Ukerewe. Atasema nini? Mwenye busara atasema hamfahamu vizuri. Jibu hilo ni la kweli kabisa, lakini likifika kwenye meza ya mtu anayesoma majalada kwa haraka, linaweza kuonekana kama dosari kwa fundi.

Kuna na suala la majina. Usukumani majina mengi hutokana na namna mtoto alivyozaliwa. Mapacha ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Maana yake kila ukoo una Doto wake, na kila kata ina akina Shija wasio na undugu wowote. Ukiongeza wazee waliozaliwa pasipo cheti, wakaandikiwa mwaka wa kukadiria, na watoto waliosajiliwa kwa jina moja shuleni na jingine kanisani, utaona jinsi jalada la mtu mmoja linavyoweza kubeba kosa la mwingine. Kosa la namna hiyo linarekebishika kwa dakika tano, ilimradi mhusika aambiwe lipo.

Kijana mmoja tuliyekuwa naye kwenye kazi, fundi wa majokofu, mtaratibu, hanywi, alikuwa akiingia eneo moja la serikali kwa pasi kwa muda mrefu. Muda wa pasi ulipoisha akaomba upya kama kawaida. Wenzake zilirudi. Yake haikurudi. Asubuhi moja tulifika getini sote, mlinzi akashika orodha, akapitisha kidole kwenye majina taratibu, akafika mwisho, akaanza tena juu. Akamwambia kijana, "Kaka, wewe jina lako halijarudi. Kaa pembeni kwanza." Akakaa kwenye kivuli cha mwarobaini na boksi lake la vifaa hadi saa za kazi zikaisha. Tukauliza ofisini, tukaambiwa tusubiri. Tukauliza tena, tukaambiwa mambo hayo hayajadiliwi. Mkandarasi mkuu hakuweza kumlipa mtu asiyeingia, akaweka mwingine. Mpaka leo hakuna aliyemwambia ana kosa gani, na mtaani kwao maneno yakaanza: huyu lazima kuna kitu alifanya.

Hapo ndipo huwa nawarejesha watu kwenye kesi ya Marekani, nchi ambayo hakuna anayeweza kusema inadharau siri zake. William Greene alikuwa mhandisi, makamu wa rais na meneja mkuu wa kampuni binafsi iliyokuwa ikitengenezea majeshi vifaa. Mwaka 1953 akafutiwa kibali. Baadhi ya tuhuma zilihusu mawazo ya kisiasa ya mke wake wa zamani, ambaye walikwishaachana, na nyingine zilitoka kwa watu ambao hakuwahi kuwaona wala kuwauliza swali. Bila kibali kampuni haikuwa na kazi ya kumpa. Kutoka mshahara wa dola 18,000 kwa mwaka akaishia kwenye ofisi ya wasanifu majengo kwa dola 4,400. Alipigana mahakamani miaka mingi, na mwaka 1959 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikampa ushindi: si Rais wala Bunge aliyekuwa ameidhinisha utaratibu wa kumnyima mtu riziki yake kwa ushahidi asioruhusiwa kuuona wala kuuhoji. Mwaka uliofuata Rais Eisenhower akasaini amri namba 10865, iliyoweka utaratibu wa kuwasikiliza wafanyakazi wa makandarasi.

Utaratibu huo upo hadi sasa. Mfanyakazi wa mkandarasi wa ulinzi ambaye kibali chake kina mashaka hupewa maelezo ya sababu kwa maandishi. Ana siku 20 za kujibu. Akitaka, husikilizwa na jaji wa utawala, akiwa na wakili wake na mashahidi wake, na akishindwa anaweza kukata rufaa. Hukumu zenyewe huchapishwa zikiwa zimeondolewa majina, kwa hiyo fundi yeyote anaweza kusoma wenzake walikwama wapi na walijinasua vipi. Mwaka 1988 mahakama ile ile ilisema pia kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali, na kwamba penye shaka usalama wa taifa ndio unaotangulia. Nakubaliana nayo. Serikali inaweza kubaki na neno la mwisho na bado ikamsikiliza mtu kabla ya kulitamka.

Sababu inayoongoza kuwakwamisha wengi kule ni madeni, na hapa kwetu jambo hilo lina uchungu wake wa pekee. Mantiki yake naielewa: aliyebanwa na deni anaweza kushawishika kuuza anachokijua. Lakini tuangalie deni la mkandarasi mdogo wa Mwanza linatoka wapi. Umepewa LPO, ile hati ya kuagiza kazi, umenunua nyaya na gesi ya majokofu kwa pesa yako, kazi umeikabidhi, hati ya malipo imesainiwa, halafu miezi inapita bila malipo. Vibarua hawawezi kusubiri bajeti. Benki inataka hati ya nyumba ambayo huna. Unaishia kwenye mikopo ya kausha damu, riba inapanda kila wiki, na mwisho unatokea kwenye upekuzi kama mtu mwenye madeni hatarishi, wakati deni lenyewe limetokana na serikali inayokupekua kutokukulipa. Miongozo 13 inayotumika Marekani tangu 2017 inataka mpekuzi atazame kama deni lilitokana na mambo yaliyo nje ya uwezo wa mtu, na kama mtu huyo alijitahidi kulishughulikia kwa uaminifu. Swali hilo haliwezi kujibiwa na jalada. Lazima mtu mwenyewe aulizwe, alete invoisi zake na barua za kudai malipo.

Vivyo hivyo ndugu walio nje ya nchi. Huku ziwani mpaka ni maji. Wajaluo wa Rorya wana shangazi na binamu Homa Bay na Siaya, Wahaya wana watu wao Uganda, wavuvi huoa kwenye visiwa wanakouza samaki. Ukimpima mtu wa ziwani kwa kipimo cha mtu asiye na ndugu hata mmoja ng'ambo, nusu ya mafundi wetu watafeli. Cha kutazama ni uzito wa uhusiano: ndugu huyo anafanya kazi gani, mnasaidiana kwa nini, ana uwezo gani wa kukushinikiza.

Kuhusu kukitunza kibali, sisi tulio kwenye mikataba tuna wajibu wetu na nausema bila kuwaonea wenzangu haya. Andika ukweli kwenye fomu, hata ule unaokuaibisha. Kesi ya zamani iliyokwisha, talaka, deni, jina ulilobadilisha, vyote viandike, kwa sababu kufichua mwenyewe kunaonyesha unaaminika kuliko kufichuliwa. Tunza kopi ya kila unachowasilisha ili fomu ya kesho isipingane na ya jana. Ukihama, ukikamatwa, ukioa, toa taarifa. Na kampuni zisijifiche. Mwaka 2013 fundi wa kompyuta wa mkandarasi mdogo, Aaron Alexis, aliingia na pasi halali kwenye kituo cha jeshi la maji mjini Washington akaua watu 12. Kibali alikipata akiwa mwanajeshi, na ripoti ya upekuzi wake haikutaja bunduki katika tukio la 2004 alipopiga risasi matairi ya gari la mtu. Wiki chache kabla ya mauaji aliwaambia polisi anasikia sauti. Mwajiri wake alimsimamisha kazi kwa siku chache, akamrudisha, na serikali haikuambiwa. Tangu hapo Marekani imekuwa ikihamia kwenye upekuzi usiokoma, badala ya kusubiri miaka ipite ndipo mtu aangaliwe tena. Ningefurahi kuona hilo hapa, kwa sababu upekuzi wa mara moja hauoni mtu anavyobadilika.

Nitaambiwa kwamba kutoa sababu ni kuanika watoa habari na mbinu za vyombo vya usalama. Hofu hiyo ni ya haki, nami sitaki jina la mtoa habari. Nataka aina ya tatizo: utambulisho, deni, kumbukumbu ya jinai, maelezo yanayopingana. Fundi akiambiwa "alama za vidole hazilingani na jina," hakuna siri ya taifa iliyovuja, na yeye anajua aende wapi. Katiba yetu, ibara ya 13(6), inampa mtu haki ya kusikilizwa pale chombo chochote kinapoamua juu ya haki na wajibu wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imempa mwananchi nafasi ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa na taasisi na kuomba zirekebishwe, ingawa imeacha mlango wa usalama wa taifa. Mlango huo usigeuzwe kuwa kisingizio cha kunyamazia hata kosa la herufi.

Ninachopendekeza hakihitaji jengo jipya wala kikosi kipya. Atakayekataliwa apewe karatasi moja yenye aina ya sababu, kupitia mwajiri wake lakini ikiwa imefungwa, ili habari zake zisizagae ofisini. Apewe siku za kujibu zinazojulikana. Jibu lake lisomwe na ofisa ambaye hakushiriki uamuzi wa kwanza, maana kumrudishia yule yule ni kupeleka kesi ya nyani kwa ngedere. Na wakati jibu linasubiriwa, pale kazi inaporuhusu, fundi aingie akisindikizwa na mlinzi kama wanavyoingia wageni wengine, ili asipoteze ujira wake kwa jambo ambalo bado halijaamuliwa.