Simu Niliiacha Kwenye Chaji

Walii keshamshika bwana harusi mkono, msikiti wa Ngamiani, mjini Tanga, umenyamaza, jamvini tumebanana hata kupumua ni kwa zamu. Nilikuwa ndani ya koti nililoteremka nalo asubuhi hiyo kutoka Amani. Ami akaninong'oneza kwa ghadhabu, "Zima simu. Inanitetemea mbavuni."

"Simu nimeiacha kwenye chaji, Ami."

Tukatazamana. Mfuko ukatetema tena: drrr.

Ami hana subira. Alitia mkono mwenyewe, akaibuka na jani kavu. Jani likafumbua macho: moja likamtazama yeye, la pili likamtazama sheikh. Sasa, wazee wetu wengi wa Pwani afadhali uwape nyoka kuliko kinyonga, na Ami ndiye mwenyekiti wao.

"...nimekuoza binti yangu," walii anamalizia.

"Simtaki huyu! Mtoeni!"

Sauti ya Ami ilifika barabarani. Upande wa bibi harusi wote ukageuka. Bwana harusi alikodoa macho kama aliyeachishwa kabla ya kuoa.

Aliyetunusuru ni mpwa wangu wa darasa la pili, mhalifu mwenyewe, ndiye aliyenitilia kile kiumbe mfukoni. Akapenya baina ya kanzu: "Babu, usimbane! Akibanwa anatetema!"

Ni kweli. Wale vinyonga vibete wanaoishi kwenye majani makavu ya msitu wa Amani, ukiwashika tu hutetema.

Ndoa ikaozeshwa upya, Ami akiwa nje na viatu. Kwenye pilau wazee wa kikeni wakanitaka maelezo, huku mtetemaji yumo kikapuni akingoja gari la kurudi Amani. Nikawaambia kinyonga hana hata tundu la sikio, sauti nyingi zinampita, ila mtikisiko wa tawi anaupata. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Kentucky, huko Marekani, walieleza habari za kinyonga wa Yemeni, mkubwa kuliko huyu wetu: ukimtikisia kijiti alichokishika, anasita kutembea. Naye mwenyewe hutetema mbele ya wenzake, dume akitongoza, au wakitunishiana misuli.

Walii akaacha kutafuna. "Huyu wa mfukoni je, alikuwa anaposa au anatafuta ugomvi?"

"Alikuwa anasema ameminywa."

Akamgeukia Ami. "Na wewe kwa haraka zako ukamjibu humtaki."