Bibi arusi flu, tantini neti

Najua mumekwisha kusikia ile odio ya rafiki yangu wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, juu ya foto za arusi nilizopiga, ile anacheka mpaka anakohoa. Muiache. Ule alifika wakati bukari (ugali) iko mezani, mwanzo hakuona kitu, sasa munisikilize mimi mwenye kufa haya.

Objektifu, lensi ya apareyi yangu ya foto, muliiona hapa nikijisifu nayo, ile 50mm ya 1.8, okazio (ya mtumba), bei ya kindugu. Nilikuwa naangalia foto kwa skrini ya nyuma ya apareyi, kila mtu neti (wazi kabisa), kila mtu muzuri, na shetani njo anakaa hapo, sababu ile skrini ya inchi 3 hata flu, yaani ukungu, inakuonyesha uko safi. Ukifungua 1.8, umesimama mita 2 mbele ya mtu, kipande kinachotoka neti hakifiki hata sentimita 20, otofokusi (apareyi kulenga yenyewe) ikiteleza kidogo tu macho yanapotea masikio yanabaki. Yangu haikuteleza kidogo. Ilikuwa inamuruka mutu wa mbele inaenda kusalimia bale ba nyuma. (Bafotografe, musianze na "ungefunga diafragma", lile tundu la kupitisha mwanga. Kutoka 1.8 mpaka 8 mwanga unapungua karibu mara 20, na mu ile sali (ukumbi) ya Katuba taa zilikuwa za kubembeleza. Ningewapigia foto za giza.)

Basi mariaji (arusi) ikapita, nikajilaza chini na suti, nikapanda juu ya kiti, bamama wananipisha "acha fotografe apite". Nilijiona mutu.

Halafu familia mbili zikakutana kwa wazazi wa bibi arusi kuangalia foto. Wameazima projekta, shuka nyeupe ukutani, mimi nimewekwa mbele kabisa na soda yangu. Foto ya kwanza, kukata keki. Bibi arusi anaonekana kama mvuke wa sufuria ya bukari, robo (gauni) haina mwisho, uso hauna mwanzo. Kimya. Baba mmoja akaniokoa, "hapana, ni projekta haijakaa sawa." Nikashika hiyo bahati kwa mikono mbili, nikasimama, nikaanza kuzungusha kile kioo cha projekta polepole, na uso wa fundi anayejua kazi.

Jamani.

Nazungusha, bibi arusi mvuke. Nazungusha tena, bibi arusi mvuke, lakini nyuma yake kuna kitu kinakuja. Pazia likakuja. Nikafurahi, nikasema kwa sauti, ndiyo, kwa sauti, "munaona, inaanza kutoka!" Ikatoka kofia. Ikatoka heleni. Ukatoka uso wa tantini (shangazi) wa bibi arusi, kila unyoya wa nyusi unahesabika, halafu mkono wake, halafu ndani ya mkono paja la kuku, limefungwa nusu mu karatasi ya aluminiamu, halafu sakoshi (mkoba) wazi miguuni, na ndani ya sakoshi mapaja mengine na chupa mbili za bia Simba zimelala kichwa kwa mguu. Neti! Hata pilipili kwenye kidole ungeiona.

Na tantini yuko hapo, mstari wa pili, na ile ile sakoshi juu ya magoti.

Bibi mzaa mama akasema taratibu, "Kumbe njo maana meza yetu ilikosaka kuku."

Nikakimbilia foto ya pili. Busu. Mawingu mawili yanagusana, na katikati ya mawingu tantini anafunga zipu. Nikabonyeza tena. Pete. Vidole flu, pete flu, tantini anatazama kamera moja kwa moja. Nikaomba umeme ukatike. Ule mtaa umeme unakatika kila jioni, munajua, bantu wanapika na makaa sababu ya ile, lakini siku ile ulisimama imara mpaka foto ya mwisho, na bwana mkwe alikataa nisiruke hata moja.

Mabaki ya malipo sahau. Nilienda kuijaribu ile objektifu, apareyi juu ya miguu mitatu, nikalenga lile bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi: otofokusi flu, kuzungusha kwa mkono katikati inatoka lakini upande wa kuume flu, hata nikifunga mpaka 8. Fundi akafungua, kioo kimoja ndani kimelala upande. Basi.

Tantini? Nilimukimbia sokoni, nilimukimbia kanisani, mwisho akanipigia. "We mutoto, ile foto yangu uikuze, niweke salo (sebuleni). Sijapataka foto namna ile tangu nizaliwe. Kuku toa."

Nikatoa kuku. Akasema mkono sasa unaonekana wa mutu anayeomba, weka maua. Nikakata maua ya bibi arusi kwenye foto zilezile, nikayaweka vizuri mkononi, nikachapisha, nikapeleka.

Jana amerudisha. Anasema maua iko flu.